Sumaku ya upepo wa Jua, na mlango unaofunguka kusini

Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024 Ziwa Victoria lilikuwa na giza zuri. Mwezi ulikuwa mchanga, wa siku mbili hivi, na kwa mvuvi wa dagaa huo ndio wakati wa kazi: taa ikiwashwa juu ya maji meusi, dagaa wanaifuata. Ukisimama Capri Point, hapa Mwanza, usiku wa namna hiyo unaona taa za mitumbwi zimejipanga mbali huko, utadhani kuna mji mwingine umejengwa majini. Kulipokucha simu zikaanza kujaa picha za mianga mingine kabisa. Anga ya waridi Ujerumani, ya zambarau Florida, nyekundu Mexico. Binti wa jirani yangu, yuko kidato cha tatu, akaja mlangoni.

"Shikamoo mjomba. Mbona sisi hatukuona kitu?"

Nilimpa jibu la haraka: mianga ile inaitwa aurora, makao yake ni kwenye ncha za Dunia, na sisi tuko karibu na ikweta. Hakuridhika. "Kwani Mexico nako ni kwenye ncha?" Alikuwa na haki. Nilichomwambia kilikuwa kweli lakini hakikueleza kitu, na tangu siku ile nimekuwa nikitafuta namna ya kumpa jibu lililo kamili.

Maelezo yanayozunguka zaidi ni mafupi. Jua linatoa chembe za umeme, sumaku ya Dunia inazikusanya na kuzimwaga kwenye ncha kama mafuta kwenye faneli, chembe zinagonga hewa, hewa inawaka. Kuna ukweli ndani yake, ila ukiyapima hayasimami. Kama ni faneli, mwanga ungekuwa mkali zaidi pale penye ncha yenyewe. Sivyo: aurora hukaa kwenye pete inayoizunguka ncha ya sumaku, kwa kawaida kwenye latitudo za sumaku za nyuzi 65 hadi 70, na katikati ya pete mara nyingi kuna giza. Kama chembe zinatoka kwenye Jua moja kwa moja, mwanga ungekuwa mwingi upande unaolitazama Jua. Kumbe aurora kali zaidi hutokea upande wa usiku, kuelekea saa sita. Na kama kinachohitajika ni Jua kupuliza kwa nguvu, basi kila dhoruba ya Jua ingewasha anga. Kuna dhoruba kubwa zimepita hapa na hazikuacha chochote cha kusimulia, na kuna siku za upepo wa wastani ambazo anga ya Norway imecheza usiku kucha.

Kinachokosekana kwenye maelezo hayo ni sumaku ya upepo wenyewe.

Tulipokuwa watoto tulivunja spika mbovu, tukatoa sumaku yake na kuiburuta kwenye mchanga wa ufukweni. Ilirudi imeota nywele: chenga nyeusi zenye chuma zimesimama, zimepinda, zinafuatana kwa mistari. Mistari ile inaonyesha uga wa sumaku, yaani eneo ambalo sumaku inavuta na kusukuma, na kila mstari una mwelekeo. Dunia nayo ina uga wake. Ukishika dira pale Bismarck Rock, sindano inaelekea kaskazini, maana yake uga wa Dunia mahali pale unaelekea kaskazini. Lishike neno hilo, kaskazini, kwa sababu kila kitu kinachofuata kinaning'inia hapo.

Sasa upepo wa Jua. Jua halitoi mwanga tu. Sehemu yake ya nje kabisa, korona, ina joto la zaidi ya nyuzi milioni moja, na gesi yenye joto kiasi hicho haikai mahali pamoja. Inatoka kila upande, kila saa, ikiwa imevunjika kuwa elektroni na protoni. Hali hiyo ya gesi iliyovunjika ndiyo plazma. Inafika kwetu kwa kasi ya kilomita 300 hadi 800 kwa sekunde, baada ya kusafiri siku mbili hadi sita hivi. Ni nyembamba kupita hewa yoyote tunayoijua: chembe tano hivi katika ujazo wa sentimita moja ya mchemraba.

Eugene Parker, mwanafizikia wa Marekani, alipoandika mwaka 1958 kwamba upepo huo upo, wahakiki wawili wa jarida waliikataa makala yake. Mhariri wa jarida hilo, Subrahmanyan Chandrasekhar, aliipitisha hata hivyo, kwa kuwa hakuona kosa kwenye hesabu. Vyombo vya Wasovieti vilivyoitwa Luna viliugusa upepo huo mwaka 1959, na Mariner 2 ya Marekani ikaupima kwa miezi mwaka 1962. Parker alikuwa sahihi.

Alikuwa sahihi pia kuhusu jambo la pili, ambalo ndilo letu leo: upepo huo unabeba sumaku ya Jua. Katika plazma ya aina hii, chembe na uga haviachani. Fikiria wavu uliozama ziwani. Mkondo ukielekea Ukerewe, wavu unavutwa kuelekea Ukerewe, unanyooka pale maji yanaponyooka na kujikunja pale yanapojikunja. Vivyo hivyo mistari ya sumaku ya Jua inavutwa na upepo hadi kwenye sayari zote. Na kwa kuwa Jua linajizungusha (kwa mtu aliye Duniani, mzunguko mmoja ni kama siku 27), mistari hiyo inapinda kama maji ya mtu anayemwagilia bustani kwa mpira huku akijigeuza mahali alipo. Kila tone linakwenda moja kwa moja, lakini mchirizi mzima unaonekana umepinda. Inapofika Duniani, mistari hiyo kwa wastani imelala kwa pembe ya nyuzi 45 hivi kutoka njia ya Jua. Hayo ni ya wastani. Siku kwa siku inayumba, inapanda na kushuka, na Jua likirusha bonge la plazma kwa mlipuko, bonge hilo linakuja na sumaku yake iliyojisokota kama kamba ya meli.

Nguvu yake ni ndogo ajabu. Uga wa Dunia hapa Mwanza ni zaidi ya nanotesla 30,000 (nanotesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Ule unaokuja na upepo wa Jua, siku ya kawaida, ni nanotesla tano hivi. Mtu anaweza kuuliza: tano itamfanya nini elfu thelathini? Lakini vita haviko hapa ardhini. Upepo wa Jua unakutana na sumaku ya Dunia angani, upande wa mchana, kiasi cha kilomita 64,000 kutoka kitovu cha Dunia, yaani mara kumi ya nusu kipenyo chake. Na nguvu ya sumaku hupungua haraka sana kwa umbali: ukienda mara kumi mbali zaidi, inabaki sehemu moja ya elfu. Kule mpakani Dunia yenyewe imebaki na makumi ya nanotesla tu. Wanakutana wakiwa karibu saizi moja, na hapo mwelekeo unaamua.

Uga wa Dunia pale mpakani unaelekea kaskazini, kama dira yetu. Uga wa upepo ukija nao unaelekea kaskazini, pande mbili hizi zinasukumana, upepo unagawanyika na kupita pembeni kama maji yanavyokwepa mwamba. Ukija unaelekea kusini, mistari miwili yenye mielekeo inayopingana inabanwa pamoja, na hapo hutokea jambo ambalo mimi naona ndilo zuri kuliko yote katika habari hii, kuliko hata rangi zenyewe.

Nenda Mwaloni Kirumba umtazame mshona nyavu. Anakata nyuzi mbili zilizopakana, kisha anaunga kichwa cha uzi huu na mkia wa uzi ule. Sumaku nayo hufanya hivyo. Kabla ya kukutana kulikuwa na uzi wa Dunia, miguu yake miwili imekita ardhini, mmoja kaskazini na mmoja kusini, na kulikuwa na uzi wa Jua uliokuwa unapita tu. Baada ya kukatika na kuungana upya hakuna tena uzi wa Dunia mtupu wala wa Jua mtupu. Kuna nyuzi mbili mpya, kila moja mguu wake uko Duniani karibu na ncha, na mwisho wake mwingine uko angani, umeshikwa na upepo unaokwenda kasi. Ngao imefunguka.

James Dungey, Mwingereza, ndiye aliyeieleza picha hiyo mwaka 1961, na aliifuata hadi mwisho. Upepo hausimami, kwa hiyo unaziburuta nyuzi zilizofunguka, unazipitisha juu ya ncha na kuzirundika nyuma ya Dunia, upande wa usiku, kwenye mkia mrefu unaopita hata umbali wa Mwezi. Kule mkiani nyuzi zinazidi kujaa na kubanwa. Inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kuchukua saa nzima. Kisha zinakatika na kuungana tena, safari hii kule nyuma, na kipande kilichobaki upande wetu kinarudi kwa kasi kama mpira wa manati ulioachiwa, kikirusha chembe kuelekea Dunia.

Ndiyo maana aurora kali huja usiku. Jua linagonga mlango wa mbele, lakini mzigo unaingilia uani.

Chembe zile haziporomoki hadi chini kwa nguvu hiyo peke yake. Zikiwa bado kilomita elfu kadhaa juu ya ardhi, elektroni huongezwa kasi na nguvu za umeme zinazojengeka kwenye nyuzi za sumaku, na pia na mawimbi yanayosafiri juu ya nyuzi hizo, yanayoitwa mawimbi ya Alfvén. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walionyesha maabara jinsi elektroni zinavyopanda mawimbi hayo na kupata kasi. Zikishuka hadi kilomita 100 na zaidi kutoka ardhini zinagonga oksijeni na nitrojini. Kijani ni oksijeni ya kilomita 100 hadi 150 hivi. Nyekundu ni oksijeni ya juu zaidi, kuanzia kilomita 200, ambako hewa ni chache kiasi kwamba atomi inapata karibu dakika mbili za kukaa na nishati yake kabla ya kuitoa bila kugongwa na mwenzake. Nitrojini hutoa buluu na zambarau.

Na pete? Pete iko kwenye ukingo kati ya nyuzi zilizofunguka na zilizofungwa. Ndani yake, kuizunguka ncha, nyuzi ziko wazi kwa Jua; nje yake, kuja huku kwetu, zimefungwa. Uga wa upepo ukibaki kusini kwa saa nyingi, nyuzi nyingi zaidi zinafunguka, eneo lililo wazi linapanuka, na pete inasukumwa kuja kwenye latitudo za chini. Ukigeuka kaskazini, pete inanywea. Pete hiyo inatuonyesha kipimo cha mlango: imefunguka kiasi gani saa hii.

Kabla ya Dungey kulikuwa na Kristian Birkeland wa Norway, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliweka mpira wa sumaku ndani ya chumba kilichotolewa hewa, akaurushia elektroni, na kuona pete za mwanga zikitokea kuzunguka ncha zake mbili. Alisema kuna mikondo ya umeme inayoshuka kutoka angani kando ya mistari ya sumaku. Wengi hawakumwamini, satelaiti za miaka ya 1960 na 1970 zikaikuta mikondo hiyo, na leo inaitwa kwa jina lake. Miaka yake ya mwisho aliishi Helwan, Misri, kando ya Nile, akichunguza anga ya usiku. Huwa nafikiria kwamba maji aliyokuwa akiyaona yakipita, sehemu yake ilitoka kwenye ziwa letu.

Kusini na kaskazini hayatoshi kumaliza habari. Uga wa upepo unaweza pia kuegemea upande, wa asubuhi au wa jioni wa Dunia, na hapo kushonwa kwa nyuzi hakuwi katikati. Upande wa kaskazini unaburutwa kwenda huku, wa kusini unaburutwa kwenda kule, na mkia mzima unasokoteka. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba aurora ya kaskazini na ya kusini ni kitu na kivuli chake kwenye kioo, kwa kuwa nyuzi zilizofungwa zina mguu mmoja kila upande. Mwaka 2009 Karl Laundal na Nikolai Østgaard wa Chuo Kikuu cha Bergen walichapisha picha za satelaiti mbili zilizotazama ncha zote mbili kwa wakati mmoja, na madoa makali zaidi hayakulingana: kaskazini yalikuwa upande wa asubuhi, kusini upande wa jioni, tofauti waliyoieleza kwa mikondo ya umeme kati ya pande hizo mbili inayofuata majira ya mwaka. Mtu wa Tromsø, Norway, na mtu wa kituo cha Antaktika wanaweza kutazama usiku uleule na kuona anga tofauti, kwa sababu ya majira, au kwa sababu ya pembe ya sumaku iliyotoka kwenye Jua siku chache nyuma.

Hata uga ukielekea kaskazini, mlango wa mbele ukiwa umefungwa, ncha hazilali kabisa. Wakati huo ndipo huweza kutokea mstari mmoja wa mwanga unaokatiza katikati ya pete, kutoka upande wa usiku kwenda wa mchana. Satelaiti iliyoitwa Dynamics Explorer 1 iliuona kutoka juu miaka ya 1980: duara lenye mstari kati, kama herufi ya Kigiriki theta. Na mstari huo husogea kushoto au kulia kufuata uga wa upepo umeegemea wapi.

Tukio la Desemba 2022 ndilo linalonivutia zaidi. Tarehe 25 na 26 upepo wa Jua ulikaribia kukatika. Kwa zaidi ya siku nzima chembe zikawa chache mno. Ungetegemea giza. Badala yake kamera iliyoko Longyearbyen, kwenye visiwa vya Svalbard, ilipiga picha ya mwanga mpana, laini, usio na mikunjo ya kawaida, umetandaa juu ya ncha nzima. Upepo ulipotulia, elektroni za korona zilipata njia iliyonyooka, zikaufuata uga kutoka kwenye Jua hadi Duniani bila kuzuiwa njiani. Kwa mara hii yale maelezo ya chembe kuja moja kwa moja yalikuwa kweli. Lakini mwanga ule ulikuwa kaskazini tu. Nyuzi za sumaku zilizotoka kwenye Jua zilikuwa zimeungana na nyuzi za ncha ya kaskazini, na kusini hakukuwa na barabara.

Ugumu wa kutabiri aurora umekaa hapo hapo. Darubini zinaweza kuona mlipuko kwenye Jua dakika nane tu baada ya kutokea, na wataalamu wanaweza kukadiria lini bonge la plazma litafika. Uga ulio ndani yake unaelekea wapi, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika hadi lipite kwenye vyombo vinavyolinda lango, kama ACE ya Marekani iliyorushwa mwaka 1997, vilivyowekwa kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani upande wa Jua. Kutoka hapo upepo unafika kwetu ndani ya dakika 15 hadi 60.

Kuna hata majira. Katikati ya Machi, kama tarehe 14, simama uwanjani Mwanza ikikaribia saa saba mchana: kivuli chako kinakusanyika miguuni. Mwishoni mwa Septemba inakuwa hivyo tena. Vipindi hivyo viwili, Jua linapokuwa juu ya ikweta, ndivyo pia vyenye aurora nyingi zaidi huko nchani. Christopher Russell na Robert McPherron walieleza sababu mwaka 1973: kwa jinsi mhimili wa Dunia ulivyoinama, wakati huo uga wa upepo ulioegemea upande huhesabika, kwa sumaku ya Dunia, kama una sehemu inayoelekea kusini. Mlango unakuwa umeegeshwa.

Sasa naweza kurudi kwa binti wa jirani.

Tarehe 10 Mei 2024 milipuko kadhaa kutoka kundi moja kubwa la madoa ya Jua ilikuwa imefuatana, na iliyo nyuma ikaisukuma iliyo mbele. Ilitufikia kwa saa zetu kama saa mbili usiku, mitumbwi ya dagaa ikiwa imeshatoka. Uga wake ulielekea kusini, na ulifika karibu nanotesla 50, mara kumi ya uga mzima wa siku ya kawaida. Haukugeuka haraka. Nyuzi zikafunguka saa baada ya saa, pete ikashuka. Watu wa Mexico hawakuwa chini ya pete. Walichoona ni kilele chake chekundu, kilichoko kilomita mamia juu, kikichungulia kwenye upeo wa kaskazini, kama vile mtu wa mbali anavyoona kichwa cha mwamba kabla ya kuuona ufukwe.

Na sisi? Ikweta ya sumaku haifuati ile ya ramani. Barani Afrika ikweta hiyo inapita Ethiopia, kaskazini kwetu. Uzi wa sumaku unaotoka ardhini hapa Mwanza umelala mno. Unapaa kidogo, haufiki hata kilomita elfu moja juu, unavuka Ethiopia na Sudan Kusini huko angani na kushuka tena pande za Sudan ya kaskazini. Haukaribii ule mpaka wa kilomita 64,000 wala mkia wa nyuma. Mshona nyavu hawezi kuufikia. Hilo ndilo jibu, kuliko umbali wa ncha.

Ila tusiseme dhoruba ile haikupita kwetu. Sehemu ya chembe zilizorushwa kutoka mkiani hubaki zikiizunguka Dunia juu ya ikweta, zikifanya mkondo wa umeme kama mkanda, na mkondo huo unapunguza uga wa Dunia chini yake. Ukubwa wa dhoruba ya sumaku hupimwa kwa upungufu huo, na vituo vinavyoupima viko mbali na ncha: Honolulu, San Juan, Kakioka kule Japani, na Hermanus kule Afrika Kusini. Kuelekea alfajiri ya tarehe 11 upungufu ulipita nanotesla 400, zaidi ya asilimia moja ya uga wa nchi kama hizi zetu. Wavuvi walikuwa wanarudi Mwaloni na dagaa wao. Binti aliniuliza kama dira ingeonyesha. Sindano ya dira ya kawaida isingecheza kiasi cha jicho kuona, lakini uga unaoishika ulikuwa umelegea kwa saa kadhaa, hapa hapa juu ya ziwa.